Vidonge vya utamu vimeniharibia maandazi ya mzee. Vinafanyaje kazi, na ni salama?

MamaIliki_Tanga

Habari zenu ndugu. Mimi ni mama wa chai hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12. Alfajiri nakaanga maandazi, saa mbili asubuhi beseni tupu. Wateja wangu wengi ni wazee waliostaafu, na siku hizi kila benchi lina mtu wa kisukari. Anakaa, ananiambia "bi mkubwa, yangu usitie kitu", kisha anatoa kikopo mfukoni, anabonyeza, kinadondoka kidonge cheupe kama punje ya choroko. Kikombe kizima kinakuwa kitamu. Nimeonja. Ni kitamu kweli, ila utamu wenyewe unachelewa kufika, na ukishafika hautaki kuondoka.

Baba yangu naye ana kisukari, yuko kwenye sindano za insulini mwaka wa nne sasa. Kilo 58, mkongwe wa mashamba ya mkonge, mbishi. Kosa lake kubwa ni kuwa na binti anayekaanga maandazi. Nikamhurumia, nikasema nimfanyie yake peke yake kwa vidonge vile vile anavyotilia chai. Unga kilo moja, tui zito, iliki, hamira, kila kitu kama kawaida, ila badala ya glasi ya sukari nikayeyusha vidonge 10 kwenye tui likiwa jikoni linachemka. Jamani. Unga uliumuka kwa kusuasua. Kwenye karai yakabaki meupe kama yana homa, nikayaacha mpaka yakakauka ndani. Utamu hakuna, kwa mbali tu kiuchungu. Mzee akatafuna moja, akanitazama, akaniuliza nimemkosea nini mama yako.

Sasa maswali. Hivi vidonge utamu wake unatoka wapi ikiwa si sukari? Kwenye chai vinakubali, kwenye maandazi vinakataa, kwa nini? Na je, ni salama? Shoga yangu mmoja anasema vinaleta saratani, mwingine anasema vinaharibu ubongo. Kikopo kimeandikwa aspartame na acesulfame K, sijui ni nini. Mzee anatumia vidonge 9 kwa siku, vitatu kila kikombe, anapenda chai tamu.

Halafu jambo dogo: mwezi uliopita asubuhi alichoma sindano akachelewa kula. Akaanza kutetemeka, jasho kama amemwagiwa maji, maneno yanapishana. Mdogo wangu akamkimbilia na chai yake ya vidonge, tamu kabisa, akanywa yote. Hakuna kitu. Jirani akaja na soda ya kawaida, tukamlazimisha nusu chupa, baada ya muda akakaa sawa. Nilishangaa, maana soda si ndiyo adui yake?

Asili_Tupu

Dada, vyote hivyo ni sumu ya kiwandani. Mpe mzee asali mbichi au sukari guru. Mababu zetu hawakuwa na vidonge.

NesiWaZamu

Dada Iliki, wapo watakaokueleza kemia. Mimi nimeruka maandazi yote nikasimama kwenye hilo uliloliita jambo dogo. Hilo ndilo kubwa kuliko yote uliyoandika.

Mzee alishukiwa na sukari. Insulini iliingia, chakula hakikuingia, damu ikabaki na sukari kidogo mno. Ubongo unaishi kwa sukari hiyo, ndiyo maana ya jasho, kutetemeka na maneno kupishana. Pale alihitaji sukari yenyewe, na mdogo wako alimpa ladha yake tu. Angekunywa ndoo nzima ya ile chai asingepata nafuu. Jirani yako ndiye aliyemwokoa, mpelekee sahani ya maandazi, yale mazuri.

Kwa hiyo shikeni hivi nyumbani. Mashine ya kupima sukari ikisoma chini ya 4 (mmol/L), au dalili zile zikianza na mashine haipo karibu: vijiko vya chai vitatu au vinne vya sukari halisi kwenye maji, au nusu chupa ya soda ya kawaida. Chupa ya mililita 300 ina sukari gramu 30 hivi, nusu yake inatosha kuanzia. Isiwe soda iliyoandikwa zero wala diet, hizo ni sawa na ile chai. Subirini dakika 15, pimeni tena, kama bado rudieni. Akishatulia ale chakula. Akipoteza fahamu msimmiminie kitu mdomoni, atapaliwa, mkimbizeni hospitali.

Nimeona nyumba zilizotupa sukari yote nje kwa sababu mzee ana kisukari. Nia njema kabisa. Siku ikimshuka wanazunguka chumbani na kikopo cha vidonge.

Na wewe Asili_Tupu, kaka yangu, asali inapandisha sukari. Sukari guru ni juisi ya miwa iliyochemshwa ikaganda, ni sukari ile ile iliyovaa kanzu ya kahawia. Mgonjwa wa insulini usimwambie atie asali kwenye chai eti ni ya asili, utatuletea wagonjwa wodini.

Mwl_Kemia_Mstaafu

Bi Iliki, pole na hongera. Jaribio lako la maandazi ni zuri kuliko mengi niliyoyasimamia maabara kwa miaka 31. Sasa nivumilie, nina maneno mengi.

Kwenye ulimi kuna vipokezi vya utamu. Kila kipokezi ni protini mbili zilizoshikana, wataalamu wanaziita T1R2 na T1R3. Sukari ikigusa pale, ni kama mgeni amepiga hodi: ulimi unaitika, habari inapelekwa kwenye ubongo kwamba kuna tamu. Kisha mgeni anaingia ndani, yaani sukari inashuka tumboni, inapita kwenye damu, inakuwa nguvu. Aspatame, sakarini na wenzake, yaani vitu vitamu visivyo sukari, wana umbo linaloweza kupiga hodi mlango ule ule, tena kwa kishindo. Ulimi unaitika "karibu!", lakini hakuna anayeingia sebuleni. Sehemu kubwa ya sakarini na asesulfame K inapita mwilini na kutoka kwenye mkojo kama ilivyoingia. Sukralosi nyingi haifyonzwi kabisa, inatoka na choo.

(Paka, kwa taarifa yenu, protini moja kati ya hizo mbili hana, jeni yake iliharibika zamani. Ndiyo maana paka wa sokoni ataiba nguru lakini hagusi kashata.)

Kishindo hicho kina vipimo. Aspatame ni tamu mara 200 hivi kuliko sukari, asesulfame K vile vile, sakarini mara 300 na zaidi, sukralosi mara 600. Chukua miligramu 20 za aspatame, zidisha kwa 200: unapata utamu wa gramu 4, kijiko cha chai cha sukari. Hiyo ndiyo punje yako ya choroko. Kiuchungu ulichokisikia nacho kina sababu: asesulfame K na sakarini zinagusa pia vipokezi vya uchungu. Viwanda huchanganya aina mbili ili moja ifunike aibu ya nyingine.

Sasa maandazi. Hesabu kwanza: glasi yako ya sukari ni kama gramu 250. Vidonge 10 ni utamu wa vijiko 10, gramu 40 tu. Halafu ukavichemsha! Aspatame ni vipande viwili vya protini vilivyoungwa, moto ukikaa unaviachanisha, na vikiachana utamu umekwisha. Chai yake anatia ikiwa kikombeni, haikai motoni, ndiyo maana inakubali. Anayetaka kupika atafute sukralosi au stevia (ile ya jani tamu), hizo zinastahimili moto.

Lakini hata ungepata ya kustahimili, bado. Sukari kwenye unga ni kibarua mwenye kazi nne: inailisha hamira, inashika unyevu andazi lisikauke, inaleta ile rangi ya dhahabu kwenye karai, na ndipo inatia utamu. Kidonge kinajua kazi moja tu. Usijaribu visheti, nakuomba. Shira inaganda kwa sababu ni sukari nyingi kwenye maji kidogo. Ukitia vidonge utabaki na maji matamu yanayochuruzika.

Na hapa nisamehe, maana nadhani hili ndilo litakalokuudhi. Kilo yako ya unga inatoa maandazi mangapi? Tuseme 35. Kila moja lina unga gramu 28 au 29, na robo tatu ya unga wa ngano ni wanga, gramu 21. Wanga huo ukifika tumboni unageuka glukosi, ile ile sukari ya damuni. Sukari uliyoiondoa ni gramu 7 kwa kila andazi. Umemtoa mwizi mdogo ukamwacha kaka yake sebuleni.

Kuhusu saratani, kuna historia na si uzushi mtupu. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 pale Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore. Constantin Fahlberg alitoka maabara bila kunawa vizuri, akala mkate ukawa mtamu. (Aspatame nayo ilipatikana mwaka 1965 kwa James Schlatter kulamba kidole ili ashike karatasi, alikuwa anatafuta dawa ya vidonda vya tumbo. Saiklameti, mwaka 1937, Michael Sveda aliionja kwenye sigara yake. Wanafunzi wangu niliwapiga marufuku kulamba chochote, nao wakaniuliza basi uvumbuzi utapatikanaje.) Miaka ya 1970 panya waliolishwa sakarini nyingi walipata uvimbe wa kibofu. Kanada ikaizuia mwaka 1977, Marekani ikaamuru onyo kwenye pakiti. Baadaye ikaonekana kwamba mkojo wa panya dume una hali yake: sakarini nyingi inazalisha ndani yake vijiwe vidogo vinavyokwaruza kibofu, jambo ambalo kwa binadamu halitokei. Onyo likaondolewa mwaka 2000.

Aspatame ndiyo anayoisikia shoga yako. Julai 2023 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kundi la 2B, maana yake "huenda inaleta saratani", ushahidi ni mdogo. Kundi hilo hilo lina dondoo la jani zima la mshubiri na achari za kiasili za Asia. Wakati huo huo kamati ya wataalamu wa FAO (Shirika la Chakula na Kilimo) na WHO (Shirika la Afya Duniani) ilipitia kiwango na kukiacha pale pale: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, maisha yote. Kiwango cha namna hii hupatikana kwa kuchukua dozi isiyodhuru wanyama na kuigawa kwa 100 hivi. Mzee wako kilo 58, kikomo chake ni miligramu 2,320. Tukisema kila kidonge kina 20, ni vidonge 116. Yeye anakula 9. Mimi nisingekosa usingizi. Wasioitaka kabisa aspatame ni wale waliozaliwa na ugonjwa adimu wa kutoweza kuvunja fenilalanini, kimoja cha vile vipande viwili vya aspatame, ndiyo maana pakiti huandikwa onyo hilo.

Kuna mambo ambayo bado yananikuna. Mwaka 2022 Taasisi ya Weizmann ya Israel ilifanya jaribio kwa watu 120, wengi wao wakipewa aina mbalimbali za vitamu hivi kwa wiki mbili, chini ya kikomo, na baadhi ya waliotumia sakarini na sukralosi sukari yao ya damu ilianza kuitikia vingine, bakteria wa utumbo wakihusika. Na Mei 2023 WHO ilishauri watu wasitumie sukari bandia kwa ajili ya kupunguza unene, kwa kuwa faida ya muda mrefu haionekani. Lakini wengi wanausoma ushauri huo nusu: wenye kisukari tayari hawakuhusishwa nao. Kwa hiyo kijana mwenye afya anayekunywa soda za zero tano kwa siku, huyo ningemsema. Mzee wako namwacha anywe chai yake.

UkwajuBaridi

Mwalimu shikamoo. Mimi niko Mombasa, nauza juisi ya ukwaju na barafu za watoto karibu na shule. Sukari imenipanda bei mpaka najiuliza kama nafanya biashara au sadaka. Kuna bwana ananiletea unga mweupe kwenye kimfuko cha nailoni, hauna jina, aniambia ni sakarini, ncha ya kijiko tu inakoleza ndoo. Nimeutumia mwezi mzima. Kama kikomo cha yule mzee ni vidonge 116, mimi si niko salama tu?

Mwl_Kemia_Mstaafu

Marahaba kijana. Hapana, wewe ndiye uliyenitia wasiwasi katika mazungumzo yote haya.

Kwanza, kila aina ina kikomo chake. Cha sakarini kwa kamati ile ile ni miligramu 5 kwa kilo, mara nane chini ya aspatame. Pili, wateja wako si wazee wa kilo 58. Mtoto wa chekechea ana kilo 15: kikomo chake ni miligramu 75 kwa siku. Ukizidisha kwa 300, huo ni utamu wa gramu 22, vijiko vya chai vitano na nusu. Barafu zako mbili na kikombe cha ukwaju, kama zimekolezwa kwa huo unga peke yake, mtoto ameshavuka, na mchana bado. Akivuka siku moja hataanguka, usiniogopeshe watu. Ila wewe unauza kila siku, kwa watoto wale wale.

Tatu, hujui ni nini. "Aniambia" si lebo. Inaweza kuwa sakarini, inaweza kuwa saiklameti ambayo Marekani imezuiwa tangu miaka ya 1969 na 1970 ingawa nchi nyingine zinairuhusu, inaweza kuwa mchanganyiko. Na kupima kwa ncha ya kijiko kitu chenye utamu mara 300 ni kubahatisha. Kama lazima utumie, nunua yenye jina, kiwango na kiwanda, na nunua mizani. Au ongeza ukwaju, tia sukari kidogo, watoto watazoea. Wanangu walizoea.

NesiWaZamu

Na uwaandikie wateja, kaka. Kuna mzazi mwenye mtoto wa insulini. Siku mtoto amemshuka atakimbilia juisi yako akidhani ina sukari.

UkwajuBaridi

Hilo sikuwa nimeliwaza hata kidogo.

ChaiYaKericho

Huku kwetu Kericho kuna wakulima waliolima stevia pembeni ya chai, nimeitafuna mbichi shambani. Jani moja dogo, mdomo mzima mtamu mpaka jioni, na nyuma yake kama umelamba mti wa dawa. Asili yake Paraguay. Ila jani na unga wa dukani ni vitu viwili: kinachopimwa na kuruhusiwa ni ile dondoo iliyosafishwa, nayo ina kikomo chake pia. Nasema hivyo kwa sababu Asili_Tupu atafurahi sana akisikia ni jani.

Jambo jingine: bigijii na pipi za "bila sukari" mara nyingi zina sorbitoli au zailitoli, vitamu vya aina nyingine. Ukila pakiti nzima safarini basi likiwa halisimami, utanikumbuka. Na zailitoli inaua mbwa, msiwarushie.

Asili_Tupu

Nimeisoma. Ya sukari guru naikubali, mama yangu nimempigia simu leo. Ya viwanda bado sijakubali.

MamaIliki_Tanga

Ndugu, nimesoma kila kitu mara mbili, ya pili nikamsomea mzee kwa sauti. Mwalimu, kilo yangu inatoa 36, kwa hiyo hesabu yako imenipata pale pale, na ni kweli imeniudhi. Miaka yote najisifu "andazi hili halina sukari nyingi, kula baba", kumbe unga ndio unaopiga kelele damuni. Nimeacha kumpikia ya vidonge. Tumekubaliana nusu andazi la kawaida Ijumaa, mashine ikiwa nzuri, siku nyingine choroko na samaki. Alipiga hesabu akasema nusu kwa wiki ni maandazi 26 kwa mwaka, nimpe yote Idi.

Chai anaendelea na vidonge vyake. Vitatu kwa kikombe nimevishusha viwili, si kwa woga, ni kwa bei.

Nesi, Mungu akulipe. Usiku ule ule niliosoma ujumbe wako nilimuuliza mdogo wangu, "siku ile ungejaza vidonge 20 ungeona nini?" akanijibu angeona chai tamu zaidi. Sasa juu ya kabati kuna kopo la sukari halisi nimelifunga utepe mwekundu, kila mtu nyumbani analijua, hata mjukuu wa miaka sita: babu akitoka jasho bila jua, kopo la utepe. Jirani kapelekewa sahani. Na mzee nimemshonea kimfuko ndani ya koti, vijiko vinne vya sukari, kwa ajili ya siku akishikwa akiwa msikitini au kwenye bao.

Jana nikafua koti lile. Kimfuko kilikuwa kitupu, na mashine haikuwa imesoma chini ya 4 wiki nzima. Nimemuuliza. Anasema alikuwa anahakikisha kama ni sukari kweli.